Pampu ndogo ya kubeba safarini: ya mkono, ya gesi au ya betri?

Pedali_Asubuhi:
Wakuu habari zenu. Juzi nimepata pancha mbali na nyumbani, nimekokota baiskeli karibu masaa mawili na tyubu mpya ipo kwenye begi ila sina cha kujazia upepo. Sitaki yanikute tena. Naona kuna hizi za mkono, za vichupa vya gesi na hizi ndogo za betri. Wiki hii naagiza, ipi nzuri?

FundiSpoki:
Pole sana mkuu. Ila nzuri kwa tairi gani? Valvu gani? Hujasema chochote hapo, tukikujibu tutakuwa tunabahatisha tu.

Mlima_Mrefu:
Naunga mkono. Tairi nyembamba ya lami inataka psi 80 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) na kuendelea, ya mlimani psi 30 inakutosha kabisa. Pampu nyembamba inapandisha presha kubwa ila upepo unaingia kidogo kidogo, nene inajaza haraka ila ukifika juu inakuwa ngumu mpaka mikono inatetemeka. Kwa hiyo jibu maswali kwanza.

Gia_ya_Tatu:
Mi nasema chukua gesi ndugu yangu usijitese. Kichupa cha gramu 16 kinajaza tairi nyembamba kwa sekunde chache tu, unaondoka. Ukipampu kwa mkono ni mara 200 au 300 pembeni ya barabara huku malori yanakupita, kwa nini?

FundiSpoki:
Kwa sababu kichupa kikiisha kimeisha. Ukikosea kukaza gesi yote inatoka, na ukipata pancha ya pili ndo unakokota tena. Halafu CO2, yaani hiyo gesi ya kwenye kichupa, inapenya kwenye mpira wa tyubu haraka kuliko upepo wa kawaida, asubuhi unakuta tairi limelegea unadhani una pancha nyingine. Anayebeba gesi abebe na pampu ya mkono.

Gia_ya_Tatu:
Ukifika nyumbani si unatoa gesi unajaza upepo wa kawaida? Hilo dogo sana. Ila shika kwa glavu au kitambaa, kile kichupa kinakuwa cha baridi kali mpaka kinaunguza ngozi.

Dada_Mnyororo:
Jamani kabla hajanunua naomba asome hili. Mwaka jana nilikuwa na pampu ya mkono nzuri tu, ina mpira mfupi ambao kichwa chake unakikaza kwenye valvu kwa kuzungusha. Nikapata pancha jioni, mvua inaanza, nikatoa tyubu nikabadilisha, nikapampu mpaka mabega yanauma, tairi limekuwa gumu vizuri. Nikaanza kufungua kile kichwa, nikasikia pshhh, nachungulia naona ile pini ya ndani ya valvu ya Presta (ile nyembamba ya baiskeli) imefunguka pamoja na kichwa cha pampu, upepo wote umetoka. Nikairudisha kwa vidole nikapampu upya, ikatoka tena. Mara ya tatu nikawa naogopa hata kugusa, giza limeshaingia, vidole vimekufa ganzi, nikampigia simu kaka yangu akanifuata na gari. Kumbe pini ilikuwa haijakazwa tangu dukani. Siku hizi kila tyubu mpya naikaza pini kwa koleo nyumbani kabla sijaiweka kwenye begi. Pampu haikuwa na kosa, ila hakuna aliyeniambia.

Mlima_Mrefu:
Pole dada. Ndo maana mi napenda kichwa chenye kimkono cha kubania, sio cha kuzungusha.

Dada_Mnyororo:
Hicho nacho kama hakina mpira ni shida kaka, unapopampu mkono unayumba, valvu inavutwa huku na huku mpaka inachanika pale inapoungana na tyubu. Na pale kiraka hakishiki.

Mlima_Mrefu:
Shika kichwa na gurudumu kwa mkono mmoja, egemeza kidole gumba kwenye spoki, haiyumbi. Nimefanya hivyo miaka yote.

Taa_ya_Nyuma:
Naona mmesahau za betri. Mimi ninayo, inaingia mfukoni, unaweka psi unayotaka inajaza na kuzima yenyewe. Ina kelele na lazima ukumbuke kuichaji, ila naipenda. Angalizo moja, kichwa kinapata moto sana, kama unatumia tyubu za TPU (zile za plastiki laini) zenye shina la plastiki tumia kile kimpira cha kuunganishia usiibane moja kwa moja.

FundiSpoki:
Betri ukiisahau mwezi mzima kwenye begi itakuangusha siku unayoihitaji. Ya mkono ukipaka grisi kidogo kwenye ule mpira wa pistoni inakaa miaka.

Gia_ya_Tatu:
Na pampu yoyote haisaidii kama hujapapasa ndani ya tairi ukatoa mwiba. Wengi wanabadilisha tyubu, dakika tano tena pancha.

Pedali_Asubuhi:
Asanteni wote. Nimeangalia sasa hivi, yangu ni tairi nyembamba ya 700x28 ina Presta, ila baiskeli ya mke wangu ina valvu nene kama za gari na mara nyingi tunatoka wote. Kuna moja inayofanya zote?

Mlima_Mrefu:
Hiyo nene ni Schrader. Zipo nyingi zenye vichwa viwili au unageuza kile kimpira cha ndani. Hakikisha tu imeandikwa zote mbili.

Taa_ya_Nyuma:
Na kama yake ni tairi nene utapampu mpaka uchoke, fikiria betri mkuu.

Dada_Mnyororo:
Tafuta yenye mpira, na ukaze pini!

Pedali_Asubuhi:
Nimeelewa dada. Swali lingine, mnaifunga wapi? Kwenye fremu pembeni ya chupa ya maji au ndani ya kibegi cha kiti? Naogopa vumbi.

FundiSpoki:
Kibegi. Ile klipu ya fremu ilishaniangushia pampu mbili kwenye barabara ya mawe.

Gia_ya_Tatu:
Mi yangu ipo kwenye fremu mwaka wa nne, nimefunga na raba ya tyubu chakavu. Kibegi chako cha ukubwa gani?