Msaada: shamba la kokoa Kyela, mdogo wangu anataka kukata miembe na kupiga dawa

Binti wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Naishi Mbagala, ila baba alituachia ekari mbili za kokoa Kyela. Ni shamba la mchanganyiko wa kizamani: migomba, miembe, michikichi michache, kokoa chini yake. Anayelisimamia ni mdogo wangu. Juzi kanitumia picha, matunda machanga ya ukubwa wa kidole yamekuwa meusi na kukauka yakiwa bado yameshika shina. Anasema kivuli kimezidi ndiyo maana wadudu wamejaa, anataka akate miembe yote kisha apulizie shamba zima. Leo nimepita Kariakoo, muuzaji kanipa dawa anayosema inaua kila kitu. Ijumaa niitume kwa basi. Moyo unasita, ile miembe aliipanda baba. Nitume au nisitume?

Mzee wa Pampu:
Tuma dada. Mdudu habembelezwi. Ukichelewa, msimu umekwenda.

Ugani Mstaafu:
Dada, subiri. Dawa inayoua kila kitu itaua na anayekupa tunda. Ua la kokoa linachavushwa na visubi, vidudu vya milimita 1 hadi 3. Vinazaliana kwenye majani yanayooza, vigogo vya migomba iliyokatwa na maganda ya kokoa, penye kivuli na unyevu. Hata shamba likiwa zima, kati ya maua 100, yanayofunga tunda mara nyingi hayazidi 5. Ukiua visubi, unabaki na nini?

Halafu tuhakikishe kama ni mdudu kweli. Tunda changa likigeuka njano, kisha jeusi lote na kukauka bila kudondoka, mara nyingi ni mti wenyewe umeliacha kwa kuwa umebeba kuliko uwezo wake. Hapo hakuna wa kupigwa dawa. Kunguni wa kokoa anaacha madoa meusi ya mviringo, mengi, kama tunda limechomwa sindano, na ncha za machipukizi zinakauka. Ugonjwa wa kuoza ni doa la kahawia linalotambaa hadi kumaliza tunda. Mdogo wako apige picha za karibu, asubuhi na mapema.

Korosho Mkuranga:
Hao kunguni ni jamii moja na yule tunayemwita mbu wa mikorosho. Kwangu majimoto, wale sisimizi wekundu wa kwenye miti, ndio walinzi, mti wenye viota vyao naona mashambulizi ni machache. Wanauma wakati wa kuvuna, na wanafuga vidugamba, vidudu vinavyofyonza mti, siwezi kuficha. Ila siwachomi.

Mzee wa Pampu:
Sawa, lakini kivuli kikizidi kokoa inaoza. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Ugani Mstaafu:
Hapo uko sahihi kabisa mzee wangu. Kwa hiyo apogoe matawi ya chini ya miembe na machipukizi ya kokoa, hewa ipite. Kung'oa ni jambo lingine, kunguni hupenda zaidi pale jua linapopenya moja kwa moja. Matunda yaliyooza atoe shambani. Maganda ya matunda yasiyo na ugonjwa ayaache yaoze, ni nyumba ya visubi. Na dada, kama mnauza kokoa ya kilimo hai, yaani isiyopigwa dawa za viwandani, puliza moja inaweza kuwaponza hata wenzenu wa kikundi.

Binti wa Mbagala:
Picha zimekuja. Mengi ni yale ya njano kisha meusi yote. Ila miti minne upande wa barabara ina madoa ya sindano kama ulivyosema, na ni pale pale mwembe ulipoangushwa na upepo mwaka jana. Nimemwambia aweke shoka chini. Ijumaa natuma msumeno wa kupogolea tu. Hiyo minne tuifanyeje?

Ugani Mstaafu:
Pandeni migomba kwenye huo uwazi sasa hivi. Aikague miti hiyo kila asubuhi na kuwaua kunguni kwa mkono, kwa miti minne anaweza. Baada ya wiki mbili ahesabu matunda yenye madoa mapya, utuletee idadi hapa.