Mjadala: Jina la mtoto lisilotaja jinsia, linafaa Nairobi? Na liandikwe vipi?

MkaziWaBuruburu (hoja): Wazazi vijana hapa mjini wanazidi kutafuta jina la kwanza linaloweza kubebwa na msichana au mvulana: Amani, Imani, Nuru, Tumaini, Bahati, Jordan, Morgan. Wanaounga mkono wanasema mtoto asihukumiwe kwa jina kabla hajaonekana, hasa barua yake ya kuomba kazi inapofika mezani kwa mtu. Wanaopinga wanasema ni kuiga ya wengine, na kwamba jina kazi yake ni kumtambulisha mtu. Naomba wenye ujuzi waseme mambo mawili: jina la namna hiyo linafanya kazi kweli hapa kwetu? Na liandikwe vipi ili lisimsumbue mtoto mbele ya safari? Mahubiri tuyaweke kando.

KaraniMstaafu: Halifanyi kazi jinsi watu wanavyodhani, kwa sababu Mkenya haitwi jina moja. Andika Jordan Atieno na umeshasema ni msichana. Andika Amani Kibet na kila mtu anajua ni mvulana. Jinsia yetu imekaa kwenye jina la pili. Kwa Waluo ni O na A: Otieno na Atieno, Odhiambo na Adhiambo, Opiyo na Apiyo. Kwa Wakalenjin ni Kip na Chep au Jep: Kipkemoi na Chepkemoi, Kiprop na Jerop. Wabukusu wana Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Simiyu na Nasimiyu. Wakamba mara nyingine hubadilisha irabu ya mwisho tu, Mutinda wa kiume na Mutindi wa kike. Anayetaka jina zima lisitaje jinsia itabidi aguse hilo la pili, na hapo ndipo wakwe wanapovuta viti kukaa.

NyarAlego: Mzee Karani, njia ipo na inatumika kila siku bila watu kuipa jina. Mtoto wa kike siku hizi hubeba jina la baba kama lilivyo, halibadilishwi kuwa A. Imani Otieno anaweza kuwa yeyote, kwa kuwa Otieno hapo ni baba yake. Ukiacha lile la katikati, jinsia haisomeki. Atieno atabaki jina la nyumbani, bibi yake ataendelea kumwita hivyo, na cheti hakitalisema.

KaraniMstaafu: Sawa dada, lakini hesabu gharama. Jina la katikati ndilo linalomtenga mtu na wenzake. Imani Otieno mtawakuta wengi Nairobi. Imani Atieno Otieno watapungua sana. Wa majina mawili ndiye hukutwa na deni la mwenzake au faili la hospitali lisilo lake. Kama mnaacha la katikati lenye jinsia, wekeni lingine lisilo nayo. Msiache pengo.

ShoshWaKahawa: Kwetu Gĩkũyũ mambo hayaanzi na kupenda jina. Mvulana wa kwanza ni babake baba, msichana wa kwanza ni mamake baba, wa pili wanakwenda upande wa mama. Tuseme huyo nyanya ni Wanjikũ. Mkimpa mjukuu jina lisilo la kike wala la kiume, nyanya hajazaliwa tena. Jina la kwanza chezeni nalo mpendavyo, hilo halina mwenyewe.

Ila Karani ametoa kanuni kana kwamba hazivunjiki. Wengi hudhani Wa- ni mwanamke kwa sababu ya Wanjikũ, Wangarĩ na Wambũi. Na Waweru je? Wachira, Wainaina, Wambũgũ? Wote wanaume. Cheruiyot inaanza na Che na ni jina la kiume. Kisii wana Nyaboke mwanamke na Nyakundi mwanamume. Mtu wa kabila lingine akisoma orodha hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya hata pale jina linaposema wazi.

Pangani_Juu: Masingasinga wa hapa walishalimaliza hili. Harpreet, Gurpreet, Manpreet hupewa mtoto yeyote. Singh au Kaur inayofuata ndiyo inayosema ni mvulana au msichana.

MwalimuKasarani: Shosh amegusa penyewe. Shuleni jina si tatizo, tatizo ni kisanduku cha jinsia kinachojazwa na mtu anayetazama jina badala ya cheti. Kinavyotokea ni hivi: karani ana orodha ya wanafunzi mia na kitu, vyeti viko kwenye faili, muda umekwisha. Akifika kwa Bahati au Baraka anaandika "M" kwa mazoea na kusonga mbele. Kosa linaingia kwenye mfumo, linabebwa hadi usajili wa mtihani, na wakati wa kupangiwa shule ya upili msichana anaitwa shule ya bweni ya wavulana. Kurekebisha hapo ni barua juu ya barua, na nafasi aliyostahili huenda imeshachukuliwa.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye jina la namna hii ana kazi moja ya ziada: kila usajili, hasa Gredi ya 6 na ya 9, aombe kuona karatasi iliyochapishwa kabla haijafungwa, asome jina herufi kwa herufi, kisha asome safu ya jinsia. Wengi husoma jina, wakaridhika, wakaweka sahihi.

Kijana_Umoja: Hata baada ya yote hayo jirani atauliza kabla hajamshika mtoto: ni wa kike au wa kiume?

Wakili_Ngara: Nianze na sheria. Kenya haina orodha ya majina yaliyoruhusiwa, wala hakuna sharti kwamba jina lioneshe jinsia. Wenzetu wamepigania hilo mahakamani. Ujerumani maafisa walidai jina lioneshe jinsia ya mtoto, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua Desemba 2008, katika shauri la mtoto aliyeitwa Kiran, kwamba wazazi hawawezi kunyimwa jina kwa sababu hiyo tu. Iceland kamati ya majina ililikataa jina la msichana aliyeitwa Blær kwa kulihesabu kuwa la kiume, naye akashinda kesi Januari 2013. Mwaka 2019 sheria yao ikaondoa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume. Sisi hatuna ukuta huo wa kuvunja. Anayesema jambo hili "haliruhusiwi" Kenya hajasoma sheria.

Kinachotubana ni kwingine. Cheti cha kuzaliwa kina safu ya jinsia, na jina lolote utakalochagua halitaifuta. Usajili wa kizazi unatakiwa ndani ya miezi 6. Ukipita, unaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye ushahidi zaidi. Mtoto akisajiliwa bila jina, au jina likibadilishwa, kifungu cha 14 cha Sura ya 149, yaani Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kinampa mzazi miaka 2 tangu usajili kuliingiza jina hilo kwa ada na ushahidi. Muda huo ukiisha, unabaki na hati ya kubadilisha jina na tangazo katika Gazeti Rasmi. Herufi moja iliyokosewa leo inaweza kukufikisha huko.

Sasa faida. Mtoto wa kawaida, nakubaliana na Mzee Karani, hapati kikubwa. Lakini kuna watoto wanaozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, yaani huntha. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua. Mzazi wao anaulizwa jina wodini siku ambayo hata madaktari hawajamaliza vipimo. Jina kama Nuru au Tumaini linamwondolea haraka ya kuamua. Mtoto akikua akajielewa vingine, vyeti vyake vya shule havitahitaji kubadilishwa jina. Mnakumbuka Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliiagiza KNEC, baraza la mitihani, itoe upya cheti cha KCSE, cha kumaliza sekondari, cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, kwa jina jipya na bila alama ya jinsia. Ilibidi mtu aende mahakamani kwa sababu ya jina la kwanza.

Parokia_Mashariki: Kwa Wakatoliki wanaoogopa kukataliwa ubatizo: kanuni ya 855 ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Si lazima liwe la mtakatifu. Imani na Tumaini hazina shida yoyote hapo.

Mswahili_wa_Pumwani: Tuje kwenye maandishi, maana hapo ndipo watu wanaharibu. Mtoto anaitwa Nuru. Mmoja anaandika Nuru, mwingine Noor, wa tatu Nur, wa nne Nooru ili "liwe na mvuto". Yote yanasomwa karibu sawa, na kompyuta inaona watu wanne. Zuri limekuwa Zury na Zuree. Baraka limekuwa Barrack. Uzuri wa majina yetu ni kwamba yanaandikwa yanavyotamkwa, na mnaitupa faida hiyo bure.

Na msidanganywe na herufi ya mwisho. Ni kweli Jamil wa kiume na Jamila wa kike, Rashid na Rashida. Lakini Hamza, Musa, Juma na Issa zinaishia na a na ni za wanaume. Angalieni pia jina linakokwenda: Amani kwetu ni la yeyote, Uarabuni ni la kike. Nuru huku na huko hupewa wote, na Riziki, Faraja na Heri hamkosi kuzisikia kwa wavulana na wasichana. Jina la mtoto wengi wetu Waislamu hulitoa siku ya saba, siku ya akika, na hospitali inalitaka kabla mama hajaruhusiwa. Elewaneni mapema, akika isiwe kisingizio cha kuandika lolote kwa muda.

ShoshWaKahawa: Heri ni la mwanamume, Mswahili. Hilo sikubali.

Mswahili_wa_Pumwani: Njoo Pumwani nikuoneshe wasichana, Shosh.

KaraniMstaafu: Waachieni hilo. Nieleze makosa yanavyoingia, maana hayaingii kwa bahati mbaya tu. Jina hutamkwa mara moja na mama aliyechoka, muuguzi huliandika kwa mkono kwenye fomu ya taarifa ya kuzaliwa, kisha mtu wa tatu ambaye hakulisikia hulichapa. Kila hatua ina kosa lake. Hatua ya kusikia huchanganya l na r: Ariel huwa Aliel, Lael huwa Rael. Hatua ya mkono huchanganya u na n, a na o, i isiyo na nukta na e. Hatua ya kuchapa huacha herufi mbili zinazofuatana, ndiyo maana Emmanuel hupoteza m moja. Majina ya Kizungu yanayotofautisha jinsia kwa herufi moja ni mtego: Francis na Frances, Jesse na Jessie, Robin na Robyn. Hapa hakuna anayesikia tofauti, basi utapewa ile aliyoizoea mwandishi.

Fanyeni hivi. Kabla ya kwenda hospitali, mtajieni jina kwa simu mtu asiye wa kabila lenu, mara moja, aandike bila kuuliza. Rudieni kwa watu wawili wengine. Wote watatu wakiandika sawa, jina limepita. Mmoja akikosea, mtoto atakuwa anatamka herufi zake dirishani maisha yake yote. Likipita, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi pamoja na majina ya wazazi kama yalivyo kwenye vitambulisho, na karatasi hiyo iwe ndani ya kijitabu cha kliniki. Muuguzi anakili, asisikilize. Kabla ya kutia sahihi, someni fomu kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza. Ukisoma mbele, jicho linaona unachokitarajia. Ombeni kipande chenu cha taarifa na mkipige picha. Mkiomba cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nakilini kutoka kipande hicho, si kutoka kichwani.

Na alama. Ritifaa ya Ochieng' na Ng'ang'a inaonekana hati moja na kupotea nyingine. Vialama vya juu vya ĩ na ũ hali kadhalika. Kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine: haina ritifaa wala alama juu ya irabu, na kistari hugeuzwa kuwa alama ya kujaza, <, ambayo ndiyo hutenganisha majina pia. Mstari wa kwanza una nafasi 44. Alama ya pasipoti na Kenya huchukua 5, zinabaki 39 za majina yote. OTIENO<<IMANI<ATIENO ni nafasi 20, raha mustarehe. CHERUIYOT<<EMMANUELLE<CHEPKEMOI<BLESSING ni 40. Imezidi kwa moja, na lazima kitu kikatwe. Wanaopenda kumpa mtoto majina manne wahesabu kwanza.

NyarAlego: Nakubali yote, lakini ritifaa siiachi. Ochieng bila alama husomwa vingine kabisa. Sitaki mtoto apoteze sauti ya jina lake kwa ajili ya mashine.

KaraniMstaafu: Liandike nayo kwenye cheti basi, na kila mahali pengine iwe nayo. Kinachoua ni kuwa nayo hapa na kuikosa pale.

MkaziWaBuruburu: Tuseme majina matatu ya mwisho ni Imani, Amani na Tumaini. Lipi lishinde?

Mswahili_wa_Pumwani: Imani na Amani zinatofautiana irabu moja ya mwanzo, na kwa simu yenye kelele za matatu ni jina moja.

KaraniMstaafu: Tumaini. Herufi saba, halina l wala r, halina herufi iliyorudiwa kwa kufuatana. Udhaifu wake ni mmoja: wapo wanaoimeza i ya mwisho wakaandika Tumain. Muuguzi akimaliza, mwombe akusomee herufi tatu za mwisho.