Kikundi cha Majirani: Homa na Mapipa ya Maji

Katibu: Habari za jioni, majirani. Ndani ya wiki 2 nyumba 4 zimeuguza homa, na watu wazima 2 waliopimwa malaria hawakukutwa na vimelea. Nimemwomba dada yetu, mhudumu wa afya, atueleze tunakosea wapi.

Mama Mapacha: Asante, Katibu. Mimi nimechanganyikiwa, kwa sababu chandarua hukishusha kabla giza halijaingia, na bado mwanangu mdogo wa miaka 4 ana homa siku ya tatu leo.

Mhudumu wa Afya: Pole sana, Mama Mapacha. Chandarua usikiache, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Ila yuko Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na jua linapokaribia kuzama, naye ndiye aenezaye homa ya dengue. Huyo huzaliana katika maji tunayoyaweka wenyewe: mapipa, ndoo, matairi, hata visahani vya maua.

Mzee wa Kona: Mwanangu, bomba hutoa maji mara moja kwa wiki. Tukiyamwaga tutakunywa nini? Wanaotuhimiza usafi kwa vipaza sauti wangetuletea maji kwanza.

Mhudumu wa Afya: Shikamoo, Mzee. Malalamiko yako ni ya haki, na sitakuambia umwage maji ya kunywa. Ninaloomba ni kifuniko kinachobana, au kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira, kisha kila wiki, pipa likibaki tupu kabla ya kujazwa tena, lisuguliwe kuta kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hunata ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yayafikie. Tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kama siku 7 hadi 10, ndiyo sababu nasisitiza kila wiki.

Kijana wa Nyumba ya Mwisho: Nimemulika pipa letu kwa tochi ya simu sasa hivi. Viluwiluwi walikuwa wananing'inia juu ya maji vichwa chini, na mwanga ulipowafikia wakazama wote wakijipindapinda. Ajabu ni kwamba pipa lina kifuniko, ila kimepasuka ubavuni, ufa usiozidi upana wa kidole.

Mhudumu wa Afya: Ufa huo ni mlango mpana kwa mbu.

Mama Mapacha: Na mtoto je? Nyumbani nina aspirini.

Mhudumu wa Afya: Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dengue huweza kusababisha kutoka damu na dawa hizo huongeza hatari. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, anywe maji mara kwa mara, na umpeleke kituoni usiku huu apimwe malaria pia, maana homa ya siku 3 kwa mtoto wa umri huo haingojewi. Homa ikishuka usilegeze macho: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi mara nyingi hujitokeza wakati huo.

Kijana wa Nyumba ya Mwisho: Mama, ninatoa pikipiki, jiandaeni.

Mzee wa Kona: Ukirudi salama, kijana, kesho unisugulie pipa langu, kwani mgongo hauniruhusu kuinama humo ndani.