Mrejesho: Historia na Jiografia katika kipindi kimoja

Niliwauliza walimu wenzangu kama inafaa kuunganisha Historia na Jiografia. Asanteni sana kwa majibu. Nimejaribu kwa safari ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno. Mwaka 1498 alivuka kutoka Malindi hadi Calicut, India, kwa chini ya mwezi mmoja; wakati wa kurudi, kuvuka bahari ileile kulimchukua karibu miezi mitatu. Wanafunzi walichora mishale ya pepo za msimu, kusi (upepo wa kutoka kusini) na kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), kwenye ramani, wakaiona sababu wenyewe: wakati wa kurudi aling'oa nanga kabla upepo haujageuka. Darasa lilichangamka kwelikweli!

Mwenzangu wa Jiografia ana hofu, nami naiheshimu, kwamba usomaji wa kontua (mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi) utamezwa na masimulizi. Tumekubaliana kuunganisha mada zinazoshikana tu. Kontua zibaki na kipindi chake.