Mwanafunzi akirekodi wazee wa kaya, kazi ni ya nani?

Mdau wa Kilifi: Wakuu, nina ndugu yangu anasoma uzamili. Utafiti wake ni dawa za miti shamba na maombi ya wazee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu, huku kwetu. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, anacho, fomu za ridhaa wazee wametia dole gumba. Sasa chuo kinataka tasnifu yote iwekwe wazi mtandaoni pamoja na rekodi za sauti. Wazee wanasema kuna maneno hayatoki kaya. Chuo kinajibu kwamba mwenye rekodi ni aliyerekodi. Hii ni haki?

Fundi Sheria: Kwenye hakimiliki, mwenye rekodi ni aliyeitengeneza, hapo chuo hakijakosea. Lakini Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Hiyo inamtambua mwenye maarifa kuwa ni jamii, na ridhaa itolewe kabla, watu wakielewa wanachokubali. Dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza ni ridhaa ya nini?

Msomi Njaa: Mnakuza mambo. Hao wazee ukifika wanaulizia soda kwanza, wakishakunywa wanamwaga kila kitu. Siri gani hiyo?

Bi Mkubwa: Msomi Njaa, hiyo soda inakuwasha nini? Kwa Wagiriama mtu hamwendei mzee mikono mitupu, unatoa kadzama, tembo ya mnazi, ndipo mnazungumza. Wewe ulipeleka Fanta ukadhani umenunua kaya. Mimi wamenikalia sebuleni watafiti kama wewe, simu iko mezani inarekodi na hata hodi hawajamaliza.

Msomi Njaa: Sijapeleka Fanta popote, usinizushie. Na fomu yangu ilikuwa ya Kiswahili.

Mlalahoi: Kwani mali ya jadi ni ipi? Shuka la Kimasai nalo la kiwandani. Tukianza kudaiana hakuna atakayevaa nguo.

Mwana wa Lamu: Usilete shuka, leta kikoi. Kuna kampuni ya Uingereza ilitaka kusajili jina hilo liwe lake kibiashara, 2007 hivi kama sikosei. Watu wakapiga kelele, ikaachana nalo.

Mlalahoi: Na kiondo, kile kikapu, Wajapani walishasajili.

Fundi Sheria: Kiondo na Japani nimelisikia tangu shule. Leta namba ya usajili tuione.

Mlalahoi: Kila mtu anajua.

Mdau wa Kilifi: Jamani, mimi nimeuliza kuhusu tasnifu.

Mpita Njia: Upande wa pili nao usikilizwe. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili, nguzo za mbao za kumbukumbu, vya ndugu zake marehemu. Vikaibwa. Miaka baadaye vikaonekana kwenye makumbusho mawili ya Marekani, na picha ile ndiyo iliyovirudisha, kimoja 2006, kingine 2007. Asingerekodi mtu, leo tungedai kwa ushahidi gani?

Bi Mkubwa: Umesema vizuri, ila kigango kupigwa picha si sawa na dua kuwekwa wazi mtandaoni. Hao wezi walijuaje pa kuchimba?

Mpita Njia: Unamaanisha picha ndiyo iliwaelekeza?

Bi Mkubwa: Sijasema hivyo. Nimeuliza.

Fundi Sheria: Wamasai wa Il Ngwesi kule Laikipia walishika kamera wenyewe. Shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa liliwapeleka wawili Marekani kusomea kurekodi, 2008, na mwaka uliofuata wakapewa vifaa. Nani aone nini, wanaamua wao. Wasan wa Afrika Kusini nao waliandika kanuni zao za watafiti, 2017. Ndugu yako aombe tasnifu ifungiwe zile sura za maombi, nyingine zibaki wazi.

Msomi Njaa: Sura zikifungwa, mtahini wa nje atasahihisha nini? Ama naye apeleke kadzama?

Bi Mkubwa: Apeleke. Na wewe uje nayo, utakaribishwa.

Mdau wa Kilifi: Ahsante Fundi. Sheria hiyo inasema kaunti iwe na rejista ya maarifa ya jadi. Yetu iko ofisi gani? Mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa.

Mpita Njia: Ukiipata tuambie na sisi.

Mwana wa Lamu: Mlalahoi, nangoja hiyo namba ya kiondo.

Mlalahoi: Na wewe leta ya kikoi.