Tupeane uzoefu: Kuirudia NBA Jam kwenye konsoli za zamani

Mtoa mada
Wakuu, NBA Jam, gemu ya mpira wa kikapu, ilitoka kampuni ya Midway kama mashine ya arcade (ile ya kumbi za michezo) mwaka 1993, na 1994 kampuni ya Acclaim wakaiingiza kwenye konsoli za Super Nintendo na Mega Drive. Wawili kwa wawili, robo nne za dakika tatu tatu, na unamsukuma mtu hadi chini bila filimbi kulia. Wanaoirudia sasa hivi malalamiko yao ni yaleyale: kaseti haiwaki, mkono mzito, mipira inagonga ringi. Tupeane dawa. Hadithi za utotoni tuziweke kando, leteni kinachofanya kazi.

Bisibisi38
Tuanze na kaseti. Taa ya konsoli inawaka lakini kioo ni cheusi? Mara nyingi ni uchafu kwenye meno ya kaseti, gemu yenyewe haijafa. Acheni kupuliza: mate na unyevu wa pumzi ndivyo vinavyoleta kutu. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua meno kufuata urefu wake, pande zote mbili. Rudia kwa vijiti vipya mpaka pamba itoke nyeupe, kisha acha dakika kadhaa ikauke. Ukitaka kuifungua kabisa, skrubu zake zinahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, na ndiyo hiyohiyo kwa Super Nintendo na Mega Drive. Msiilazimishe kwa plastiki ya kalamu iliyoyeyushwa, inaacha mabaki kwenye skrubu.

Kama bado nyeusi, tatizo liko kwenye tundu la konsoli. Chomeka na kuchomoa kaseti safi mara tano sita, umeme ukiwa umezimwa.

Waya_Moto
Naongezea kabla mtu hajaunguza mashine. Mega Drive ya kwanza inatumia adapta yenye hasi katikati ya plagi, Mega Drive 2 ina chanya katikati. Super Nintendo ya Ulaya adapta yake inatoa AC ya volti 9, ya Marekani inatoa DC ya volti 10. Plagi kuingia vizuri haimaanishi adapta ni yake. Soma kibandiko.

Chogo
Sasa huo "mkono mzito". Asilimia kubwa ni TV, wala si kidole. Konsoli hizi hutoa picha ya mistari 240. TV nyingi za bapa zikiipokea kwa waya wa njano huidhania ni 480 ya kupishana mistari, zinaanza kuichakata, na uchakataji huo unakula muda. Kwa 60 Hz kila fremu ni kama milisekunde 16.7, kwa hiyo fremu nne tu za kuchelewa ni milisekunde 67.

Ona inavyoumiza kwenye gemu hii. Unabonyeza kitufe cha kurusha, mchezaji anaruka, unatakiwa kukiachia akiwa kileleni kabisa. TV ikichelewa, unachokiona kama kilele ni kitu kilichokwisha pita. Ndani ya gemu jamaa anashuka tayari. Unaachia, mpira unagonga ringi, unamlaumu mchezaji.

TV ya chogo inamaliza kesi yote. Huna? Washa hali ya gemu kwenye TV, zima vilainisha-picha vyote, na ukiweza pitisha picha kwenye kifaa cha kuzidisha mistari kilichotengenezwa kwa ajili ya konsoli za zamani. Vibadilishi vya bei rahisi vya kwenda HDMI vina kosa lilelile la 480, mtu anatoa pesa ananunua ugonjwa uleule.

Na angalieni toleo. Konsoli ya Ulaya ni 50 Hz, moja ya sita chini ya 60. Gemu ikikujia nzito na mistari myeusi juu na chini, hicho ndicho chanzo.

Padi_Nne
Watu wanne: Super Nintendo multitap (kigawanyio cha kuchomeka padi nyingi) inakaa tundu namba 2, padi ya kwanza inabaki namba 1, na swichi ya Super Multitap iwe 5P badala ya 2P. Mega Drive inataka kigawanyio chake, Team Player ya Sega, swichi yake kwenye MULTI. Padi mbili zikigoma, angalia swichi kwanza kabla hujafungua kitu.

RingiNyekundu
Mchezo wenyewe. Kuwaka moto kunataka mchezaji mmoja afunge vikapu vitatu mfululizo. Kosa la wengi ni kugawana mipira kiungwana. Ukishafunga viwili, cha tatu kitafute kwa mtu huyohuyo, na kiwe danki, yaani kuutumbukiza mpira kwa mkono. Akiwaka, turbo (nguvu ya mbio) haiishi, na anaruhusiwa kuuzuia mpira hata ukiwa unashuka kwenye ringi. Moto unazimika wapinzani wakifunga, au yeye akiongeza vinne. Kwa hiyo ukiwaka, ulinzi ndio kazi.

Turbo pamoja na kitufe cha kunyang'anya ndiyo msukumo. Msukume kabla hajaruka. Mwenzio wa kompyuta akiwa na mpira, kitufe cha kurusha kinamwamuru arushe, cha pasi kinamfanya akupe. Anayeanza achukue Utah Jazz: Stockton wa mbio na pointi tatu, Malone wa kudanki.

Mtoa mada
@RingiNyekundu vipi kompyuta kufufuka robo ya nne? Unaongoza kwa kumi, ghafla kila mpira wao unaingia.

RingiNyekundu
Si macho yako, mkuu. Gemu humsaidia anayefungwa ili mechi isife. Hata wewe ukiwa nyuma unasaidiwa. Kwenye Tournament Edition, toleo lililofuata, washa Tournament Mode, inazima msaada huo pamoja na vikorombwezo vingine. Toleo la kwanza, usijenge pengo kubwa mapema ukabweteka. Tunza turbo na ushike mpira wa mwisho wa kila robo.

Ila kuna upendeleo mwingine hauna dawa: kwenye arcade, Mark Turmell, mbunifu wake na shabiki wa Detroit Pistons, amekiri aliwawekea Chicago Bulls mkosi, mipira yao ya sekunde za mwisho dhidi ya Pistons ilikuwa inakosa.

Bisibisi38
La mwisho: kaseti ya Mega Drive ya toleo la kwanza inatunza rekodi kwenye EEPROM, chipu inayohifadhi bila umeme, haina betri, msifungue kutafuta ya kubadilisha. Kwenye emuleta (programu inayoiga konsoli) rekodi zikipotea, kiini chake, yaani sehemu inayoiga mashine yenyewe, hakiijui chipu hiyo. Badilisha kiini, faili la gemu liache.