Tupeane uzoefu: Wi-Fi ya wageni inashika vizuri lakini ukurasa wa kuingia haufunguki

Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita nilikuwa Dodoma kwenye semina, nimelala hotelini. Saa tatu usiku nina faili la MB 40 la kumtumia bosi kabla hajalala. Mapokezi wakanipa kikaratasi chenye namba ya chumba na neno la siri. Simu ikaingia bila shida: ukurasa wa hoteli ukajileta wenyewe, nikajaza, nikapata mtandao. Laptop ndiyo ikagoma. Alama ya Wi-Fi imejaa, ila kila nikifungua Chrome naletewa maandishi yanayoanza na DNS_PROBE. Nikazima nikawasha, nikafuta mtandao nikaunga upya, nikahamia koridoni. Wapi.

Kijana wa zamu ya usiku akaniuliza swali moja tu: "Mzee, kuna fundi aliwahi kukuwekea DNS humu?" DNS ni ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Nikakumbuka. Mwaka jana intaneti ya nyumbani ilikuwa nzito, fundi wa mtaani akaniandikia 8.8.8.8, ile ya Google, na tangu siku hiyo sijaigusa. Kijana akaingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, akaifuta ile namba na kurudisha otomatiki. Hajanikabidhi hata laptop, ukurasa ukafunguka.

Alinieleza hivi: kabla hujaingia, lango la hoteli, yaani mtambo unaozuia intaneti mpaka ujaze ukurasa, linakuruhusu kuuliza majina ya tovuti kwa DNS ya hoteli peke yake. Laptop yangu ilikuwa inamuuliza mtu aliye nje ya geti, na geti limefungwa. Jina lisipojibiwa, kivinjari hakina pa kwenda, na lango nalo halipati ombi la kuligeuzia kwenye ukurasa wake.

Wenye visa kama hiki tuviweke hapa. Wengi tunawalaumu wenye Wi-Fi bure.

Fundi mitandao, Zanzibar

Mkuu, si mara zote mnatulaumu bure. Mimi kosa lilikuwa langu, na nalisema ili mwenzangu asilirudie.

Nahudumia hoteli za ufukweni tangu 2014. Wakati ule ilikuwa kawaida kuipa kontrola ya Wi-Fi, mtambo unaoongoza antena zote za hoteli, anwani ya 1.1.1.1 kwa ajili ya ukurasa wa wageni. Tuliikuta kwenye mifano ya miongozo, na kila mtu aliamini haina mwenyewe. Ilikuwa naye: APNIC, wanaosimamia anwani za Asia na Pasifiki. Tarehe 1 Aprili 2018 kampuni ya huduma za mtandao ya Cloudflare, kwa makubaliano na APNIC, wakaizindua kuwa DNS ya umma. Baada ya hapo wageni wakaanza kuja nayo kwenye vifaa vyao.

Kilichotokea ni hiki. Mgeni anaunga, laptop yake inatuma swali kwenda 1.1.1.1, swali linaishia kwenye kontrola yangu kabatini, kwa sababu nimeiambia kwamba hiyo ni anwani yake. Kontrola haikuwa na jibu la DNS, basi ikanyamaza. Mimi nikapoteza siku mbili nabadilisha antena na kuhamisha chaneli. Siku ya tatu nikakaa na mgeni mmoja barazani, nikanasa pakiti za laptop yake, yaani vipande vya data inavyotuma na kupokea. Maswali kumi na manne yameondoka, yote kwenda 1.1.1.1, hata moja halijarudi. Nilisimama pale pale nikampigia meneja kumwomba radhi.

Nikahamishia ukurasa kwenye 192.0.2.1. Fungu lote la 192.0.2.0/24 limetengwa kwa mifano ya maandishi tu, limeandikwa kwenye RFC 5737 ya 2010, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti, kwa hiyo hutakutana na seva ya mtu humo. Mafundi wenzangu, kama mna mtambo wa zamani wenye 1.1.1.1, nawasihi mwubadilishe leo.

Mwanachuo, Morogoro

Yangu ilikuja kwa sura nyingine. Ukurasa ulifunguka, neno la siri likakubaliwa, lakini simu ikaendelea kusema haina intaneti. Nilikuwa nimeweka DNS ya faragha kwenye Android, ile iliyoanza na Android 9, ili kuzuia matangazo. Inapita mlango wa 853 (kila huduma ya mtandao ina namba ya mlango wake), na hosteli yetu imeufunga moja kwa moja, uwe umeingia au hujaingia. Nikaiweka kwenye Otomatiki, ikashika.

Mdau wa Nairobi

Mimi ni mprogramu. Kama una Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine zikiwa zimetengwa, angalia na hili: huwa inajichukulia fungu la anwani la 172.17.0.0/16 ndani ya laptop. Wi-Fi ya wageni ikiwa kwenye fungu hilo hilo, ukurasa hauji kamwe, kwani laptop inautafuta ndani yake yenyewe. DNS yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ukakwama.

Dada wa mapokezi, Mombasa

Salaam aleikum ndugu zangu. Huyo fundi wa Zanzibar amenifumbua macho.

Kwetu kaunta ilikuwa na karatasi ya laminesheni: "Ukurasa usipofunguka, andika 1.1.1.1." Niliikuta nilipoajiriwa, na ilifanya kazi. Kisha mitambo ikabadilishwa, karatasi ikabaki pale pale. Siku moja mgeni wa kutoka Ujerumani akanionyesha simu yake: ukurasa umefunguka, unamwambia apakue programu ya Cloudflare. Alidhani ndio wetu. Kumbe simu ilipoona Wi-Fi haina intaneti ilirudi kwenye data zake, ikampeleka kwa wenye 1.1.1.1 halisi. Akaipakua, ikashika DNS ya simu nzima, na mama wa watu akakwama kweli kweli. Alikuwa anataka kumpigia binti yake kwa video, siku yake ya kuzaliwa. Niliumia sana.

Karatasi nimeichana. Sasa namwambia mgeni azime data kwanza, kisha afungue neverssl.com. Ile haitumii https, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, kwa hiyo lango linaweza kumgeuza bila ugomvi. Akijaribu kwa tovuti ya benki, kivinjari kinatoa onyo la cheti, na hapo namkataza kabisa kubonyeza kuendelea.

Mwanzisha uzi

Asante dada. Swali kwa fundi: kwa nini msiruhusu tu DNS zote kabla ya mtu kuingia, yaishe?

Fundi mitandao, Zanzibar

Kuna watu wanapitisha intaneti nzima ndani ya maswali ya DNS ili wasilipie. Nilichofanya ni kuligeuza kila swali la mlango wa 53, liwe limeandikiwa 8.8.8.8 au nyingine yoyote, lijibiwe na DNS yetu hadi mgeni aingie. Akishaingia, namwachia atumie anayoitaka. Laptop yako ingefunguka kwangu bila kuguswa, mkuu.